Siri Ambayo Mbuke Aliileta Ofisini

Madibira, Mbarali,
Mbeya.
Jumapili, 25 Mei 2025.

Mpendwa dada Veneranda,

Kamwene, dada. Natumaini barua hii inakukuta salama huko Kasulu, wewe, shemeji Marcelino na watoto. Lile goti linaendeleaje? Sisi huku wazima. Mavuno ya mpunga yamepamba moto, magunia kila njia, na mafua ya vumbi hayamwachi mtu. Mama huko Igowole ni mzima pia, ila baridi imeanza, hatoki jikoni kwenye moto.

Uliniambia shule yenu imeletewa kompyuta na intaneti, na mkuu wako anataka usimamie chumba cha kompyuta. Ukaniuliza kama ukubali, maana unaogopa. Jibu langu ni kubali. Sababu sikutaka kuzieleza kwa ujumbe wa simu ambao mtu anaweza kuusambaza, kwa kuwa ndani yake kuna mtoto. Nitamwita Mbuke, si jina lake.

Nianze na faida. Unajua nafundisha Biolojia, na kitabu kilikuwa kimoja kwa wanafunzi saba. Nilipoijua maktaba mtandao ya Taasisi ya Elimu, nikawa nasoma vitabu vya kiada bure kwenye kishikwambi, na darasani navionyesha ukutani kwa projekta. Nikapata na video ya moyo unavyosukuma damu. Watoto wa wafugaji huku wameona moyo wa ng'ombe mara nyingi. Siku ile ndipo walipoelewa walichokuwa wanakiona. Video huzipakua mapema na kuzitazama mpaka mwisho kabla ya kipindi. Usimwonyeshe mtoto kitu ambacho hujakitazama mwenyewe.

Sasa kosa langu. Mwezi wa pili wasichana wetu wanne walishinda mashindano ya sayansi ya wilaya. Kwa furaha nikaweka picha yao kwenye ukurasa wa shule mtandaoni, na chini yake majina kamili, kidato na kijiji cha kila mmoja. Isitoshe, nilikuwa nimewafungulia wanafunzi barua pepe kwa majina yao hayohayo, hivyo aliyelijua jina alishaijua na anwani. Sikuona ubaya wowote.

Wiki tatu baadaye Mbuke, wa kidato cha pili, alinifuata ofisini akasimama mlangoni.

"Mwalimu," akasema, "kuna mtu ananiambia nisikwambie."

Nilimshukuru Mungu kwa neno moja nililowafundisha siku ya kwanza kabisa: mtu wa mtandaoni akikwambia iwe siri yenu, siri hiyo iletwe kwangu siku hiyohiyo, na hakuna atakayechapwa.

Mtu huyo alimwandikia kwa barua pepe, akajiita mfadhili. Aliahidi ada mpaka chuo kikuu, akaomba picha yake akiwa na sare, na Mbuke akamtumia kwa simu ya mama yake. Kisha akaanza kudai picha ambazo mtoto hapaswi kuombwa, na kumtaka afike Ilula, kule Iringa, Jumamosi, peke yake, kujaza fomu. Mbuke alikuwa analia.

"Nilishamtumia moja, mwalimu. Baba ataniondoa shule."

Nikamwambia aliyekosa ni yule mtu mzima, si yeye.

Nilitamani kumjibu yule mtu matusi, nikajizuia. Hatukufuta hata neno moja. Nikamwita mkuu wetu, Mwalimu Liberatus, tukamwita na baba yake Mbuke, na kesho yake asubuhi tukaenda wote polisi, dawati la jinsia na watoto. Jumamosi waliokwenda Ilula ni askari waliovaa kiraia. Walimkuta amekaa karibu na wauza nyanya, mwanamume wa makamo, na ndani ya simu yake mna picha za wasichana wa shule nyingine mbili. Kesi iko mahakamani, hukumu bado.

Kilichonitisha zaidi, dada, ni kikao cha wazazi. Mtoto hatukumtaja, lakini habari ilishasikika na wengi walitaka chumba kifungwe. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna aliyejua yule mtu alilitoa wapi jina. Nikasimama nikasema ni mimi niliyeliweka hadharani. Nilijua kazi yangu inaweza kuishia pale. Ndipo baba yake Mbuke, mfugaji wa Kisukuma asiye na maneno mengi, akainuka kama mzazi mwingine yeyote, bila kusema mtoto ni wake.

"Fisi akiingia zizini hatuchomi zizi," akasema. "Tunaziba alipopita. Mwalimu ametuonyesha alipopita."

Tukaziba. Picha za watoto hazina majina tena, na mzazi hutia sahihi kwanza. Zile barua pepe nilizifunga. Sasa darasa zima lina akaunti moja, na kila kinachoingia nakiona. Skrini zote zinaelekea mlangoni. Neno la siri haliandikwi ubaoni, nawe usiache akaunti yako wazi ukaenda kunywa chai. Ukutani nimebandika namba 116, simu ya mtoto, kwa atakayeona haya kuniambia mimi. Wazazi nao nawafundisha, mara moja kwa mwezi, na wanakuja wengi kuliko nilivyotegemea.

Mbuke hakukanyaga chumba kile zaidi ya mwezi. Sikumlazimisha. Alhamisi iliyopita alikuja, akaketi kwenye kompyuta ya dirishani, akafungua somo la mmeng'enyo wa chakula, akaandika mpaka kengele ikalia. Akiwa anatoka akaniuliza, "Mwalimu, na kesho utafungua?"

Nikamwambia nitafungua. Na wewe, dada, pokea ufunguo wa chumba chenu.

Nisalimie shemeji, na mama mkubwa Esnath umwambie nimekumbuka ugali wake. Filemoni wako mwambie mama yake mdogo wa huku anamwombea kwenye mtihani. Bwana awafunike nyote, pamoja na watoto wa watu tuliokabidhiwa.

Ni mimi mdogo wako, mwenye upendo usiopungua kwako,

Eveline