Tope la Budalang'i na Nyota ya Mkia

Mjukuu wangu Nekesa,

Hapa Malaba tuko salama. Shangazi yako amejifungua mvulana, na malori yanatunyima usingizi kama kawaida.

Umeniuliza kama naweza kuamini kwamba zamani, kabla ya watu, nyota ya mkia iliigonga dunia, vumbi lake likaanguka baharini na kulisha vijimea visivyoonekana kwa macho, vikaongezeka ajabu. Naamini bila shida. Nimeona msiba ukileta mbolea.

Nilikuwa msichana kule Budalang'i mto Nzoia ulipofurika. Sitasimulia yale maji. Yalipopungua, yaliacha shambani tope jeusi, laini kama uji. Lakini kwetu hakuna anayepanda kabla ya mkubwa wa boma kuangusha mbegu ya kwanza, na mkubwa wetu, mama yake baba, alikuwa amekimbilia Nambale kwa binti yake, akaugua huko. Baba akasema, "Tutamngoja mama." Tukangoja, mbegu kibuyuni, magugu yakinenepa.

Alipofika, nyasi zilikuwa zimempita kimo. Akaegemea fimbo yake, akalia. "Kwani mlikuwa mnaningoja mimi? Si mngetuma mtu, niwaambie mpande?"

Hakuna aliyekuwa amefikiria hilo. Bado linaniuma, maana tope kama lile halikurudi tena. Bahari yako ilishiba kwa sababu haikuwa na wa kumngoja.

Sasa nasikia umeahirisha harusi yako mpaka miguu yangu ipone. Ruhusa ninaituma mapema, Nekesa. Panda.

Kukhu wako