Mama wa Watamu yuko Gakindu

Anita, nimejifungia chooni, kanisani kwa kina Tabby, niliyekuja kumtembelea hapa Gakindu, na sitoki.

Unamkumbuka yule mama mzee tuliyemkuta Watamu wiki jana? Mimi nimelala juu ya ubao wa kuteleza nikingoja wimbi, yeye akidhani nazama, akaingia baharini na kitambaa chake cha kanisa kichwani. Nikamfokea watu wote wakisikia: "Shosho, nani amekuita? Rudi kwenu ukachume kahawa."

Kwao ni hapa. Hapa hapa, Anita.

Leo ibadani amesimama kutoa ushuhuda. Ati hajui kuogelea, lakini angewezaje kuangalia tu mtoto wa wenyewe akienda na maji? Maji yalimfika kifuani. Watu wakalia.

Kisha mchungaji akasema wageni wasimame wajitambulishe.

Mgeni nilikuwa mimi peke yangu.

Akanitazama sana. "Ni huyu. Msichana wangu ni huyu." Kanisa zima likapiga makofi. Akanikumbatia, akaninong'oneza, "Usiogope. Sijawaambia uliniambia nini."

Hajawaambia, Anita.

Sasa anabisha mlango wa choo. Anauliza kama nitakula kwake.