Mjukuu alipoachia usukani

Mwenzangu, sikia yaliyonikuta.

Mjukuu wangu rubani si alinialika kwenye kindege chake? Alinifunga mkanda mwenyewe, taratibu, akaniwekea na mto mgongoni.

Huko juu akazungusha kigurudumu kando ya kiti mpaka kindege kikatulia, hakipandi wala hakishuki. Akaachia usukani. "Umeona, Bibi? Kinakwenda sawa chenyewe."

Nikampigia makofi. Kumbe alitaka mikono miwili atoe karatasi za kuuza nyumba yangu.

"Saini tu, Bibi. Huku hakuna wa kutusumbua."

Eti hakuna wa kutusumbua. Mimi niliyemlea.

Nikamwambia, "Shika usukani wako, baba, unishushe."

Sasa anabembeleza anirudishe nyumbani kwa gari. Nimekaa kwenye benchi hapa uwanjani. Njoo unichukue wewe.