Kisima cha Juu: Kumbukumbu ya Dk. Sauda Mrisho Kitwana

Umetimia mwaka mmoja sasa, Sauda binti yetu, tangu adhuhuri ya tarehe 11 Mei ulipoitwa na Mola wako hapa Sumbawanga, kwa maradhi ya siku mbili. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Ulikuwa mpole. Ulinawa mikono mara tatu kabla ya kumgusa mgonjwa na mara tatu baada yake, ukisema nusu ya hayo uliyapata madrasa na nusu chuoni. Mama yako, Bi. Asumini, bado anaweka ndoo na sabuni mlangoni, na bado anamgombeza mgeni anayepita bila kunawa.

Kwa miaka kumi na minne ulifuatilia kipindupindu katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, kutoka Kirando hadi Wampembe. Makala yako kuhusu visima viwili vya kitongoji cha Mlolwe ilinukuliwa na watafiti wenzako mara mia tatu na sabini. Uliponieleza maana ya kunukuliwa nilifurahi, kwa kuwa mimi mwalimu wa madrasa jambo hilo nalijua: ni sanadi, fulani amepokea kwa fulani. Nikauliza wangapi kati yao wamefika kisimani. Ukacheka. "Hakuna, baba. Wote wamepokea kwangu."

Kisha ukanitafsiria makala yenyewe. Ulipofika pale pasemapo kwamba Kisima cha Juu ni salama na Kisima cha Chini kina vijidudu, nilikuuliza, "Juu ya mlima, mwanangu, au juu ya upepo?"

Wewe ulikulia huku Ufipa, ambako juu ni kule ardhi inakopanda. Mimi nilizaliwa Kirando, na kwetu wavuvi juu ni upande unakotoka upepo. Chupa za maji ziliandikwa kwa maneno ya wenyeji. Ramani uliichora kwa maneno yako. Chai yako ikapoa mezani.

Kesho yake ulishuka Mlolwe na mwenzako wa maabara, Leonia. Maji yakapimwa upya. Kisima ulichokitangaza salama, kile cha mlimani, ndicho kilichokuwa na vijidudu. Ukamwomba mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Isdori, aking'oe kibao ulichokiweka mwenyewe: MAJI HAYA YAMETHIBITISHWA. Akakujibu kwa heshima zote, "Daktari, maneno yako yamesomwa Ulaya mpaka Japani. Leo unataka niyafute kwa mdomo? Lete karatasi."

Karatasi hiyo uliiandika, kurasa mbili za masahihisho. Ulifariki kabla hujaituma.

Tusamehe, Sauda. Ilikaa kwetu miezi sita. Mdogo wako Yahaya alisema, "Baba, wewe ndiye uliyetufundisha kwamba maiti husitiriwa. Leo umwanike?" Nami, niliyefundisha hivyo kwa miaka arobaini, niliirudisha karatasi sandukuni. Niliogopa kulivunja jina lako. Ilipopiga radi ya kwanza ya Novemba niliogopa kikubwa zaidi: maji ya mvua yakiteremka kuelekea kisima kile, na akina mama wakijaza ndoo zao kwa kukuamini wewe. Ndipo nilipokumbuka kwamba wanazuoni wa hadithi za Mtume, waliokuwa wachamungu kunishinda mimi, walilitaja kosa la mpokezi hata akiwa kaburini, wala hawakuliita jambo hilo kusengenya. Waliliita amana.

Nikashuka na karatasi yako. Niliisoma mbele ya kisima. Mzee Isdori alisikiliza hadi mwisho, akaing'oa misumari ya kibao kwa mkono wake. Wiki ile watu saba walikuwa wameugua. Wote walipona. Kama walikuwapo wengine kabla yao, hatujui. Na kutojua huko kunatutisha mpaka leo.

Leonia aliyatuma masahihisho yako, yakachapishwa mwezi Machi. Juzi nilimwomba Yahaya atazame. Makala yako ya kwanza imeshanukuliwa mara mia tatu na tisini na nne, na hofu ikanirudia, kwani kila anayeinukuu humpa mwingine kisima kibaya. Masahihisho hayajanukuliwa na mtu yeyote.

Basi sisi tunayanukuu hapa, yapate mmoja wa kuanzia: kisima salama cha Mlolwe ni kile kilicho juu ya upepo, si kile kilicho juu ya mlima. Tumeyapokea haya kwa Sauda binti Mrisho, naye alifika kisimani.

Unakumbukwa na baba yako, Mwalimu Mrisho Kitwana, mama yako, Bi. Asumini, mumeo Athumani na watoto wenu wawili, mdogo wako Yahaya, ambaye ndiye aliyeipeleka kumbukumbu hii gazetini, na Leonia, ndugu yako wa maabara.

Mola akughufirie na alipokee ulilolirekebisha. Tutakukumbuka daima, na kila tutekapo maji tutakuombea.