Sauti Inatangulia, Mdomo Unafuata

3 Juni

Mdogo wangu mpendwa,

Salamu zikufikie huko uliko, wewe na lifti zako. Mimi mzima, ila mgongo unanilalamikia kwa kuinamia cherehani. Baba yupo. Mkono wa kulia bado mzito, lakini anatembea na fimbo mpaka mlangoni na kurudi, na jana alimfukuza paka wa jirani, kwa hiyo ukali wake haukuguswa. Wewe je? Unakula, au bado unajidanganya na mkate mkavu?

Nisikuzungushe. Kisanduku chako kinatuangusha. Tangu kiharusi kimnyang'anye Baba maneno, kazi yake ni moja tu: kukaa mbele ya televisheni na kufuata masomo ya mwalimu wa usemi. Yule mama amejirekodi kwa simu yake, uso karibu, anatamka “ma”, “maji”, “mlango”, naye Baba anatakiwa atazame midomo na kuiga. Kwenye simu haoni, ndiyo maana ukatuma ile kompyuta ndogo ndani ya kopo la biskuti nikaiunga na televisheni. Masomo ya mwanzo yalikwenda vizuri. Haya mapya ni balaa. Sauti inatangulia, mdomo unafuata baadaye, halafu picha inaganda kabisa. Na Baba, ambaye hajawahi kumtii mtu, sasa amekuwa mtiifu: mwalimu akiganda mdomo wazi, naye anakaa mdomo wazi mpaka picha itembee. Siku ya kwanza nilicheka. Sasa sicheki, kwa sababu anajifunza kukwama.

Tarehe 28 mwalimu atampima. Anataka neno moja tu, alilolitafuta Baba mwenyewe akalipata. Asipolipata, nafasi yake atapewa mwingine, maana wanaosubiri ni wengi. Sisi hatuna pengine pa kumpeleka.

Usipige simu. Baba alisema sauti yako isisikike tena ndani ya nyumba hii, na ingawa yake imeondoka, amri ingalipo. Kuhusu kisanduku nimemwambia kimetengenezwa na fundi. Sikusema uongo.

Niandikie upesi kwenye simu hii.

Dada yako

4 Juni

Dada,

Shikamoo. Pole na mgongo, inua kiti. Mimi sijambo. Wiki hii niko kwenye jengo ambalo lifti yake inasimama katikati ya ghorofa na kugoma, na watu ndani wanaanza kusali, kwa hiyo hali yenu naielewa. Nakula. Hata mayai.

Tusikisie, tuondoe sababu mojamoja. Je, video zinasomwa kutoka kwenye laptopu yako kupitia hewani? Kama ndiyo, zinakili kwenye flashi na uichomeke kwenye kopo lenyewe. Pili, gusa kopo baada ya nusu saa. Likiwa la moto, kompyuta inapunguza mwendo ili isiungue. Tatu, tazama kona ya juu ya kioo: kuna alama ndogo ya radi? Ikiwepo, umeme haulitoshi kopo.

Na mwambie Baba asiige wakati picha imeganda. Afumbe macho, asubiri. Najua hatakusikia, lakini mwambie.

Mdogo wako

9 Juni

Mdogo wangu,

Habari za huko? Sisi tunasukuma siku.

Nimefanya yote. Flashi imesaidia kidogo, masomo sasa yanaanza bila kusuasua. Kopo lilikuwa la moto kweli, na kosa ni langu: nililifunika kile kitambaa nilichokifuma, kwa ajili ya vumbi. Usinicheke. Nimelifunua, na kifuniko nimekitoa. Alama ya radi ilikuwepo. Chaja uliyotuma nilikuwa naitumia kwenye simu yangu, kopo nikaliwekea ya zamani. Nimezirudisha kila moja mahali pake na radi imekwenda zake. Lakini mdomo bado unachelewa. Umepungua, haujaisha.

Sasa sikia lililotokea jana. Picha iliganda kwenye “maji”. Baba alingoja, akangoja, nikaona shingo inavimba. Mara akagonga fimbo sakafuni na kusema, wazi kabisa, kwa ile sauti yake ya mnadani: “Mara ya kwanza. Mara ya pili.” Kisha akanyamaza, mkono juu, kama zamani alipokuwa dalali, akitafuta mteja nyuma ya watu. Nilidondosha mkasi. Hiyo ni sauti yake, mdogo wangu, sijaisikia tangu aanguke. Leo imetokea tena, kila picha inapoganda.

Nikajiuliza kama kisanduku tukitengeneze au tukiache hivihivi. Kikiwa kibovu Baba anaongea. Kikiwa kizima ananung'unika tu.

Dada yako

10 Juni

Dada,

Shikamoo. Nimesoma barua yako ndani ya shimo la lifti, nikairudia nilipotoka.

Usikiache. Nimeuliza na kusoma. Maneno aliyoyasema maisha yake yote yanatoka yenyewe, kama mtu anavyohesabu au kuimba. Hayatafuti. Mwalimu hatayahesabu, na wewe mwenyewe umeniandikia kwamba anataka neno alilolitafuta.

Ugonjwa nimeujua. Simu ya mwalimu ni mpya, na simu mpya zinabana video sana ili zisijaze nafasi. Ni begi lililoshindiliwa nguo: anayelifungua lazima awe na nguvu. Kompyuta yetu ni ya zamani, haijui kufungua mbano wa namna hiyo kwa haraka. Sauti ni nyepesi, inatoka mapema. Picha ni nzito, inabaki nyuma. Dawa ni kuzigeuza video zote ziwe za mbano wa kizamani, na naweza kuifanya kazi hiyo nikiwa huku. Liache kopo limeunganishwa na intaneti nami nitaingia. Utaona kishale kinatembea kwenye kioo bila kuguswa. Ni mimi. Chagua saa ambayo Baba hayupo pale.

Na kwa kweli sijui unachokililia kwenye “mara ya pili”. Ndio wimbo aliouzia vitanda vya watu walioshindwa kulipa, wenyewe wamesimama wanatazama.

Mdogo wako

12 Juni

Wewe,

Hatujambo.

Vitanda hivyo ndivyo vilivyokusomesha. Ulisimama katikati ya mnada, mbele ya watu wote wanaomheshimu, ukamwambia baba yako anauza machozi ya maskini. Ukaondoka ukiwa umeshinda. Mimi ndiye niliyetembea naye kurudi nyumbani, na njia nzima hakusema neno, mtu ambaye alikuwa akiongea hata usingizini. Huenda ulisema kweli. Sijawahi kukubishia. Lakini ukweli wako uliusema ukiwa na tiketi mfukoni.

Ninayemlisha ni mimi, ninayemfunga vifungo ni mimi, na nikitaka kulia kwa sababu nimesikia sauti ya baba yangu nitalia bila kuomba ruhusa ya fundi. Intaneti nimeizima. Huingii.

Dada yako

16 Juni

Dada,

Shikamoo. Natumai mko salama. Nimejaribu kuingia kila siku na kopo halipo hewani. Nakungoja.

Mdogo wako

20 Juni

Dada,

Shikamoo. Hujaandika, na mimi sina wa kumuuliza kama mnaamka salama.

Kile nilichoandika kuhusu wimbo wake kilikuwa cha kuumiza, na kilikuumiza wewe, ambaye hukunikosea. Nisamehe. Kuhusu mnada, tutagombana siku nyingine, uso kwa uso, nitakapokuwa na uso wa kukutazama nao.

Lakini tarehe 28 haitungoji tupatane. Akikosa nafasi ile atabaki na maneno yale ya mnadani mpaka kufa kwake, na wewe utayasikia kila siku mpaka uyachukie. Niruhusu niingie mara moja tu. Sitaki ajue. Sitaki shukrani.

Mdogo wako

21 Juni

Mdogo wangu,

Tuko salama. Hasira ni zangu, nitazimaliza kwa wakati wangu.

Kesho asubuhi kinyozi anakuja kumnyoa Baba uani. Baba anapenda kukaa naye, wanatazamana tu lakini wanakaa. Nitaiwasha intaneti akishakaa kitini. Uingie upesi, umalize upesi.

Dada yako

22 Juni

Mdogo wangu,

Sijui nianzie wapi, hata salamu imenipotea.

Ulipoingia nilikuwa kwenye cherehani. Niliona kishale kinashtuka, kinakwenda kulia, kinafungua faili, kinafunga, kinafungua jingine. Nikakitazama mpaka nikasahau uzi. Sikusikia fimbo. Kinyozi alikuwa amesahau wembe wake na kurudi kuuchukua, na Baba, povu shavuni, amesimama nyuma yangu anatazama kioo. Akanitazama mikono yangu iko wapi. Akatazama rimoti iko wapi. Kishale kikaendelea na kazi yake.

Akasema, “Nani?”

Si la mnadani hilo. Nimelisikia likitafutwa, midomo ilihangaika kwanza. Nami, badala ya kufurahi, nikawa kama mtoto aliyekamatwa na sukari. Ningeweza kusema fundi. Nilikusudia kusema fundi. Nikakutaja.

Hakupiga kelele. Alikwenda ukutani taratibu, akainama kwa tabu, akang'oa waya. Kioo kikawa cheusi. Akaingia chumbani na povu lake na hajatoka.

Dada yako

22 Juni, jioni

Dada,

Shikamoo. Nilijua umeme umekatwa, sikujua na nani. Nilikuwa nimegeuza masomo matatu, la nne likakatikia katikati. Ukiliwasha kopo, hayo matatu yatacheza sawasawa, mdomo na sauti pamoja. Mengine yatabaki kama yalivyokuwa.

Sitaingia tena. Nyumba ni yake. Aliniambia nisisikike, nami nimepita dirishani kama mwizi, basi ameufunga mlango kwa haki yake. Usimlaumu. Usinitetee. Mtumie mwalimu ujumbe kwamba amesema “nani”, huenda likamtosha.

Nina hofu, dada. Nayasema haya kwako tu.

Mdogo wako

28 Juni

Mdogo wangu,

Salamu kwanza, maana leo nazikumbuka. Mimi mzima, mgongo nimeusahau. Kaa chini usome hii polepole, na kama uko ndani ya shimo la lifti, toka.

Siku mbili hakugusa televisheni, nami sikuthubutu. Siku ya tatu asubuhi nilirudi kutoka dukani kununua vifungo nikamkuta sakafuni mbele ya ukuta. Nilidhani ameanguka. Alikuwa anachomeka waya, mkono wa kushoto, anakosea tundu, anarudia. Nikamsaidia, akanisukuma, akauchomeka mwenyewe. Kisha akavuta kiti karibu na kioo, kishale kikiwa kimesimama katikati. Nilimwekea somo, akaashiria nitoe. Alikuwa anakingoja kishale kitembee.

Hakikutembea, kwa sababu wewe uliahidi. Sijawahi kuichukia ahadi kama nilivyoichukia ile. Alikaa pale, chakula kikapoa, mwisho akageuka akaniuliza, “Wapi?” Nikamweleza ni mbali kiasi gani, unatengeneza lifti, unakula mayai. Nilipogusia siku ile ya mnada uso ukakunjika, nikaacha. Kwa hiyo tusidanganyane, hajayamaliza. Baada ya hapo ndipo akakubali somo. Mdomo na sauti vilikwenda pamoja kama ulivyosema, na yale matatu ameyatazama mpaka mimi mwenyewe nayatamka usingizini.

Leo tumekwenda kupimwa. Mwalimu akamwonyesha picha ya kikombe. Kimya. Funguo. Kimya. Akamwonyesha kiti, Baba akasema “Mara ya kwanza”, nami nikainamisha kichwa. Mwalimu akaandika. Niliona kalamu inavyoandika nikajua tumekwisha. Akaziweka picha mezani, na nadhani kwa huruma tu, akamuuliza nani anamsaidia na mazoezi nyumbani.

Baba akahangaika. Midomo ikaenda huku na huku, jasho likamtoka. Mwalimu hakumkimbiza. Kisha akasema, “Mwanangu.”

Mwalimu akanigeukia akitabasamu, akauliza, “Huyu?” Baba akatikisa kichwa kukataa. Akanigusa goti nisione vibaya, halafu akainua fimbo akaielekeza dirishani, akasema, “Yule.”

Nafasi yake ipo. Mwalimu ameandika upya, kwa kalamu ileile.

Tumefika nyumbani, hajavua hata viatu, akaninyooshea mkono. Nikampa maji, hakutaka. Nikampa rimoti, hakutaka. Akachukua simu yangu juu ya cherehani na kuiweka sikioni. Nilimwambia, Baba, hakuna mtu humo. Hakuitoa. Amekaa nayo vilevile, shingo imelala upande mmoja, na mimi nakuandikia kwa simu ya jirani, nimesimama mlangoni kwake.

Kwa hiyo usinijibu. Piga namba yangu.

Dada yako