Nusu ya Kichwa cha Daktari Mkuu

Jumapili, 3 Machi

Kwa mpwa wangu, Nesi wa Mtaa,

Salamu nyingi. Mimi mzima, mkaza mjomba wako mzima, kuku wazima. Hata kiti changu cha kunyolea ni kizima, ila jana, Jumamosi nzima, kimekaa kitupu kama kiti cha bwana harusi aliyetoroka. Wewe u mzima? Kama u mzima, vizuri, maana sipendi kumgombeza mgonjwa.

Naandika kwa sababu nimeapa, mbele ya mke wangu na mbele ya fundi viatu tunayegawana naye baraza, kwamba sitakufungulia mdomo mpaka uniombe radhi. Unanijua. Mimi nikinyamaza, hata redio ya jirani inaona aibu kuongea peke yake.

Ijumaa ulisimama pale shuleni mbele ya kina mama, ukasema mapunye ya watoto hayaishi kwa sababu mashine ya kunyolea inatoka kichwa hiki inaingia kichwa kile bila kusafishwa. Unasema hukunitaja. Mtaa huu una kinyozi mmoja! Ukisema "yule mnyama mwenye shingo ndefu," nani atamfikiria kuku?

Mimi, Kapteni! Nimenyoa katika nchi nne na juu ya meli iliyokuwa imelala upande. Nimenyoa kanali akiwa na bastola mapajani. Hakuna aliyeuliza mashine imeogeshwa na nini. Leo mtoto niliyembeba mgongoni, niliyemfuta kamasi kwa mkono huu huu, ndiye ananifungia duka.

Tena kila asubuhi unapita barazani kwangu unajifanya kiatu kimeachia. Nesi gani anashonesha kiatu kila siku? Nimeshakujua. Unapeleleza mashine yangu.

Kazi ya nesi ni sindano. Mgonjwa anakuja mwenyewe, unamwambia ageuke, unamdunga, anakwenda zake akichechemea. Kama huna wagonjwa huko zahanati, funga mlango ulale. Usije kuwatafuta kwenye kiti changu. Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Mjomba wako, mwenye hasira zake halali,
Kapteni


Jumatano, 6 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Nasikia mgongo wako umetulia, nimefurahi. Mkaza mjomba naye ananiambia hali chakula cha usiku hadi umalize kulalamika, kwa hiyo anachelewa kulala. Mpe pole.

Radhi ya adabu naomba. Ya maneno niliyosema siombi, kwa sababu ni kweli.

Mapunye nimeyapaka dawa tangu mwaka jana. Mtoto anapona, anakuja kwako kunyolewa, anarudi kwangu na kichwa kina viraka kama uwanja wa mpira. Naweza kupaka hadi nistaafu, na utasema mpwa wako ni nesi hodari, ana foleni ndefu. Mimi sitaki foleni ndefu. Nesi wa wodi mgonjwa wake yuko kitandani, anamjua kwa namba. Mgonjwa wangu hana kitanda. Mgonjwa wangu ni mtaa: mtaro, choo cha shule, pipa la maji la jirani, na kiti chako. Mtu akifika zahanati anaumwa, mimi nilishachelewa.

Na sikuwaambia wakukimbie. Niliwaonyesha mapunye yanavyohama, nikawauliza wafanye nini. Wao ndio walioamua. Ningewaamulia mimi ungeweza kunishinda, maana ni mtu mmoja. Sasa washinde wao.

Spiriti chupa moja, kitambaa safi, unafuta kati ya kichwa na kichwa. Nije nikuonyeshe?

Kuhusu kiatu changu, usiniulize.

Mpwa wako


Jumapili, 10 Machi

Mpwa,

Hatujambo. Sitauliza hali yako, nitaisikia kwa wengine.

Eti unionyeshe kufuta mashine! Mwalimu, hebu nifundishe na kupumua. Nilipoanza kunyoa wewe ulikuwa huna hata nywele.

Sasa sikiliza. Daktari mkuu, bwana mwenye hospitali zote na zahanati zote na wewe ndani yake, ananyolewa na nani? Na mimi. Mji mzima una vinyozi wenye vioo vya ukutani na taa za rangi, lakini ni mimi pekee ninayejua kuzihamisha zile nywele chache za kando zikafunika uwanja wa katikati. Ijumaa alikaa kitini. Nikamwambia, mheshimiwa, unaye nesi anayezurura. Asubuhi yuko kwenye baraza za watu, mchana jikoni kwa watu, jioni anaitisha mikutano kama anagombea ubunge. Zahanati amemwachia nani?

Akasema, "Ahaa." Daktari akisema ahaa, mtu amekwisha.

Hujui mjini hapa mtu anashikwa wapi? Anashikwa kichwani.

Mjomba wako


Jumanne, 19 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini wote hamjambo. Mimi si mgonjwa, ila sijambo pia siwezi kusema.

Umefaulu, hongera. Nimeitwa, nimesimamishwa kama mwanafunzi mtoro, nimepewa karatasi. Kuanzia jana ni marufuku kutoka nje ya zahanati saa za kazi. Nikae chumbani, wagonjwa waje. Ndivyo ulivyotaka: sindano, geuka, nenda.

Basi nikuambie ninachokiona kutoka hapa. Meza, mizani, pazia la kijani lililochanika, na dirisha linalotazama ukuta. Sioni mama mwenye kichanga cha wiki moja ambaye mama mkwe wake hamruhusu kutoka. Simwoni bibi wa nyumba ya mabati ambaye kidonda chake kinaoza kwa sababu anaona haya kupanda ngazi zetu akisukumwa na wajukuu. Hao hawaji, Mjomba! Wanaokuja ni wenye miguu, wenye nauli na wasio na aibu. Kazi yangu yote ilikuwa ni kwa ajili ya wale wengine. Walio mbali zaidi na mlango ndio wanaonihusu zaidi. Nilikula kiapo juu ya hilo, sikukila juu ya sindano.

Na hapo hapo barazani kwako kuna mtu ananisubiri kila asubuhi. Siwezi kukutajia. Nimemwandikia daktari mkuu aniruhusu nusu saa tu kwa siku kwa ajili ya mtu huyo. Hajajibu. Nimemwandikia tena.

Ulinibeba mgongoni, ni kweli. Sasa umenishusha katikati ya barabara. Sina hamu ya kukuandikia tena.

Mpwa


Jumapili, 28 Aprili

Mpwa wangu,

Salamu. Wiki zote hizi nilikuwa sikuandikii, na wewe hukuniandikia, tukashindana ubishi kama punda wawili kwenye daraja.

Habari za hapa kwanza. Wale kina mama wako wamerudi, bila kutumwa na mtu. Wanakuja wanne wanne, wamebeba chupa ya spiriti yao wenyewe. Mmoja anasimama nyuma yangu na kusema, "Kapteni, futa." Nafuta. "Na huku." Nafuta na huku! Mimi niliyemnyoa kanali! Uliniambia ningeweza kumshinda mtu mmoja, sasa wamekuwa majeshi. Mapunye yenyewe yamepungua, usinifanye niandike hilo mara mbili.

Lakini si hilo lililonishikisha kalamu. Nimefunga mlango ninapoandika.

Fundi viatu alianza kukohoa tena mwezi uliopita. Nikamtania, nikamwambia, wewe umekula gundi. Akacheka. Jana amekohoa damu juu ya kiatu cha mteja. Kiatu cheupe, cha harusi. Alikifuta haraka haraka kwa aproni, akanitazama. Sijawahi kutazamwa hivyo na mtu mzima.

Nikamuingiza dukani, nikashusha pazia. Ndipo akaniambia. Kifua kikuu. Vidonge kila asubuhi, na wewe ulikuwa unamletea, unakaa mbele yake hadi ameze, kiatu mkononi. Ulipozuiwa kutoka, akaacha. Zahanati hawezi kuja, kwa sababu benchi la wanaokohoa liko getini na barabara nzima inaliona. Nani atampa kiatu chake mtu wa benchi lile?

Nikafoka. Nikamwambia, mjinga wewe, mimi nipo hapa, kiti na kiti, umeshindwaje kuniambia mimi? Ningekuletea hivyo vidonge kwa kijiko!

Akasema, "Kapteni, wewe ndiyo gazeti la mtaa."

Nimekaa na mtu huyu tangu ana meno yote. Tumekula sahani moja. Anaogopa mdomo wangu kuliko kifua chake.

Na wewe! Nimekukasirikia wewe kuliko yeye. Ulijua. Niliandika kwamba unapeleleza mashine, nikakuchongea, nikakufungisha, na ulikuwa na neno moja tu la kunizuia: fundi anaumwa. Ungelisema! Ningekwenda kwa magoti kwa daktari mkuu siku ile ile. Kwa nini hukusema?

Mjomba wako


Jumatatu, 29 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Salamu kwa mkaza mjomba.

Sikusema kwa sababu siri haikuwa yangu. Ningekutajia wewe leo ili nijiokoe, kesho nani angenifungulia mlango? Mimi naingia vyumbani kwa watu. Naona mpaka chini ya kitanda. Wakijua ninayoyaona yanatoka nami nje, kazi imekufa, hata wanipe gari.

Leo jioni baada ya kazi nimempeleka wodini kwa mlango wa nyuma. Wamemrudishia vidonge, ila wanaogopa ugonjwa umezoea dawa, wamechukua makohozi wapime. Wiki mbili atalala huko. Akirudi, ni kuanza upya, na kila asubuhi lazima mtu amtazame akimeza. Ndugu hana. Nimeandika barua ya nne kwa daktari mkuu. Msaidizi wake kaniambia niache kumsumbua mheshimiwa.

Usiniulize mimi kwa nini sikusema, Mjomba. Jiulize kwa nini ulipewa "ahaa" moja ukaenda nyumbani umeridhika.

Mpwa


Ijumaa, 10 Mei, saa tano asubuhi, dukani

Mpwa wangu mpenzi,

Hujambo? Sisi hatujambo wawili, mmoja hajambo nusu. Barua hii anakuletea mkaza mjomba wako mwenyewe, tena anakimbia, na wewe unajua hajakimbia tangu tulipooana.

Daktari mkuu yuko kitini kwangu sasa hivi. Nimemfunga shuka shingoni. Upande wa kulia nimeshamaliza, umependeza, unaweza kupigiwa picha. Nilipofika katikati nikazima mashine, nikaiweka mfukoni, nikavuta stuli, nikakaa.

Akasema, "Umeme?"

Nikasema, "Umeme upo, mheshimiwa. Nesi ndiye hayupo."

Akadhani ni mzaha wangu wa kawaida, akacheka. Nikamwacha acheke hadi kicheko kikaisha chenyewe. Nikamwambia: mwezi Machi nilikuambia nesi wa mtaa anazurura. Nilikosea, alikuwa kazini na mzururaji ni mimi. Mrudishe mtaani, kila asubuhi, na kwa karatasi. Nusu hii nitaimalizia hapo.

Mpwa wangu, amefoka! Kaniita mhuni. Kasema atanifungia duka. Nikamwambia, funga, mheshimiwa, ila utatoka hapa unaelekea wapi na kichwa cha namna hiyo? Ana kikao na wakubwa saa sita. Kofia hana. Kina mama wanne walikuwa kwenye foleni na chupa yao ya spiriti, wakasogeza viti mlangoni, wakakaa. Wale wanawake wako wanatisha kuliko kanali.

Kisha akashusha sauti. Akaniuliza taratibu, kama mtu na mtu: "Kapteni, kwani kuna nini hasa? Kuna mgonjwa wako unayemtetea? Niambie ni nani, nitalishughulikia hilo peke yake."

Hapo ndipo palikuwa pagumu. Jina lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, limekaa, linaning'iniza miguu. Kulitaja ni kushinda papo hapo. Nje stuli ya fundi viatu iko tupu, nyundo juu yake. Kina mama wananitazama. Mimi niliyezaliwa nikiongea, nikafunga mdomo. Nikasema tu, "Wapo wengi, mheshimiwa. Nesi anawajua." Jasho lilinitoka kuliko siku ile ya meli.

Bado amekaa. Ameomba simu yake. Nimempa simu, kioo sijampa.

Mjomba wako


Ijumaa, 10 Mei, saa sita kasoro

Mjomba,

Shikamoo. Nampa mkaza mjomba karatasi hii akiwa bado anahema, nimemwekea maji, anywe kwanza.

Amepiga simu. Ameniruhusu asubuhi tu, na kwa mwezi mmoja, kisha "tutaona." Karatasi amesema italetwa. Kwa hasira aliyokuwa nayo sauti ilikuwa inakatika. Nimemwambia mwezi mmoja hautoshi, matibabu ya mgonjwa wangu ni zaidi ya miezi sita, na nitaandika barua ya tano.

Mmalizie sasa. Mmalizie vizuri, usimchune sikio. Na ufute mashine kwanza.

Sijakusamehe. Mtu amelala wodini anasubiri kuambiwa kama ugonjwa bado unasikia dawa, na hatujui. Usiwaambie wateja hadithi ya nusu kichwa, najua inakuwasha. Wakijua hilo watauliza ilikuwa kwa ajili ya nani.

Akitoka wodini, nitapita barazani kila asubuhi. Siku nitakayokwama, kwa mtoto anayezaliwa au kwa mvua, mtu atahitajika kukaa mbele yake hadi ameze. Nimemuuliza jana wodini anamtaka nani. Alifikiri sana, akanitajia wewe.

Mpwa wako,
Nesi wa Mtaa