Simu ya Pili Kwenye Gari Langu

Mwanaasha, nina hasira! Rogers, shemeji yangu! Rogers!

Leo mama mkwe kanisimamisha sokoni hapa Same, mbele za watu. "Lukia, Jumanne ulishinda Kihurio kwa mwanamume gani?" Mwanamume gani! Nilikwenda kumwona dada Veneranda, amejifungua.

Nikamuuliza nani kamwambia. "Rogers."

Rogers anakaa Arusha. Kanionaje kutoka huko?

Nikakumbuka ndiye aliyeniunganishia hili gari la umeme na simu, siku niliyolinunua. Nikamburuta mama mkwe mpaka kwa fundi Mbaraka. Mbaraka akachomeka mashine yake ya kupimia chini ya usukani, akatazama weee, kisha akasema, "Dada, gari hili limeunganishwa na simu mbili. Hii ya pili inaona kila unapokwenda, na milango inaweza kuifungua."

Milango, Mwanaasha! Nikamwambia aifute hapo hapo.

Hazikupita dakika kumi, Rogers huyo anapiga. Nikaweka spika.

"Shemeji, gari limepata hitilafu? Silioni kwenye simu."

Silioni! Kasema mwenyewe, kwa mdomo wake!

Mama mkwe akaninyang'anya simu. "Wewe Rogers, si uliniambia ulimkuta Kihurio kwa macho yako?"

Mwoga yule akakata.

Basi mama mkwe akaanza, "Mwanangu, nisamehe, nilidanganywa." Nimepanda gari langu nimeondoka, nimemwacha pale gereji. Atapanda bodaboda.